KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI
Tuichambue filamu ya "A Yank at Oxford"

Kuku akinunuliwa sokoni na kuletwa nyumbani, hufungwa kamba mguuni asije akatoroka. Kuku wenyeji humzunguka, wakamdonoa na kumfukuza penye mtama. Hata asipolia, kamba ile inatosha kumtambulisha kuwa ni mgeni. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sasa hebu fikiria kuku mgeni ambaye, juu ya kamba yake, anawika tangu mlangoni kwamba hakuna jogoo kama yeye! Huyo ndiye Lee Sheridan, mhusika mkuu wa filamu ya kuchekesha iitwayo A Yank at Oxford, iliyotoka mwaka 1938.

Huenda ukauliza: Chama cha Kiswahili na filamu ya Kiingereza, wapi na wapi? Jawabu ni rahisi. Mbinu tunazofundishwa darasani, kama vile kinaya, kejeli na chuku, hazina kabila. Anayezoea kuzitambua katika filamu ya kizamani atazitambua upesi zaidi katika tamthilia anayotahiniwa. Isitoshe, filamu hii inauliza swali linalotugusa sana sisi wa shule za bweni: mwenzako akikosa, nawe unajua, utasema ukweli au utamfichia? Tutalifikia swali hilo. Kwanza tuijue filamu yenyewe.

ASILI YA FILAMU

"Yank" ni jina la utani ambalo Waingereza humwita Mmarekani. Oxford nacho ni chuo kikuu kikongwe cha Uingereza, ambako masomo yalikuwa yakifundishwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Kwa hiyo jina la filamu peke yake ni mzaha: ni kama kusema "Mshamba Ikulu".

Filamu hii ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Kimarekani ya MGM, katika studio za Denham, karibu na London. Kwa nini Wamarekani wavuke bahari kwenda kupiga picha huko? Sababu mojawapo ni sheria. Mwaka 1927 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha kumbi za sinema nchini humo zionyeshe kiasi fulani cha filamu za Kiingereza, kwa kuwa zile za Marekani zilikuwa zimefurika kama maji ya mvua. MGM wakaona heri watengeneze filamu huko huko. A Yank at Oxford ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika mpango huo. Aliyeiongoza ni Jack Conway.

Waigizaji wake hawakuwa watu wa mchezo. Lee aliigizwa na Robert Taylor, kijana mtanashati wa Nebraska aliyekuwa akipendwa mno na watazamaji wa kike. Baba yake Lee ni mkongwe Lionel Barrymore. Wanawake wawili wa kisa hiki ni Maureen O'Sullivan, ambaye watazamaji walikuwa wakimfahamu kama Jane wa Tarzan, na Vivien Leigh, ambaye mwaka uliofuata, 1939, alipata sifa dunia nzima kwa filamu ya Gone with the Wind. La kufurahisha ni kwamba wawili hawa waliwahi kusoma pamoja utotoni katika shule moja ya watawa huko Roehampton, London. Kwa hiyo, msomaji, mtazame vizuri huyo unayekaa naye dawati moja. Hujui mtakutana wapi!

MUHTASARI WA KISA

Lee ni bingwa wa michezo katika chuo kidogo cha Lakedale huko Marekani. Baba yake ana gazeti la mji huo, na sifa za mwanawe hazimwishi kinywani. Lee anapopata nafasi ya kwenda kusoma Oxford, katika chuo cha Cardinal, anasita kwa kuwa baba yake si tajiri, lakini mwishowe anaenda.

Ndani ya gari la moshi la kwenda Oxford, Lee anakutana na wanafunzi watatu: Paul Beaumont, Wavertree na Ramsey. Badala ya kuwasalimu na kuuliza habari za huko aendako, anaanza kuwahesabia vikombe alivyoshinda. Wenyeji wanasikiliza kimya kimya. Kisha wanamdanganya, ati kituo cha kushuka ndicho hiki! Lee anashuka na mizigo yake, gari linaondoka, kumbe si Oxford.

Anapofika hatimaye, wanafunzi wanamwandalia mapokezi makubwa ya uongo, na mmoja wao amejigeuza kuwa mkuu wa chuo. Safari hii Lee anang'amua njama. Anamkimbiza yule mdanganyifu kwa hasira, na katika purukushani anampiga teke mtu ambaye kumbe ndiye mkuu wa chuo wa kweli! Jamani! Hata mono wa shule yetu hajawahi kuanza muhula kwa mkosi kama huo.

Lee anataka kufunga virago arudi kwao. Anayemzuia ni mzee Scatters, mtumishi anayemhudumia chumbani. Anabaki, na anaingia katika timu ya riadha kwa kuwapita wakimbiaji wengine akiwa amevaa joho na kofia ya chuo. Kidogo kidogo anaanza kukubalika, na anapendana na Molly, dada yake Paul.

Kisha anaharibu. Katika mbio muhimu za kupokezana, Paul amewekwa kushika nafasi yake, lakini Lee, kwa uchu wa kushinda, anakataa kupumzika na kumsukuma Paul kando. Wanafunzi wanamtia adabu kwa fujo. Lee naye anamwinda Paul, na anamkuta katika baa ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kuingia, amekaa na Elsa, mke wa mwenye duka la vitabu. Ngumi zinapoanza, askari wa chuo wanavamia. Vijana wanatimua mbio, askari mmoja anawafikia, na Lee anamtwanga. Paul anapoitwa kwa mkuu, anamtaja Lee kuwa ndiye aliyepiga.

Hapo mambo yanageuka. Paul aliyesema ukweli anatengwa na rafiki zake kwa kuwa amemchongea mwenzake. Lee aliyepiga askari anakuwa kipenzi cha watu, na baadaye anaingia katika timu ya wapiga makasia.

Halafu linakuja jaribio kubwa. Elsa yumo chumbani mwa Paul, na mkuu wa chuo yu karibu kumfuma. Lee anamchukua Elsa chumbani mwake, anakutwa naye, na anakubali lawama. Adhabu yake ni kufukuzwa chuoni. Baba yake anapofika kutoka Marekani haamini kwamba mwanawe ana kosa hilo, maana barua zake zote zilimtaja Molly. Anamshawishi Elsa aende kwa mkuu. Elsa anamwambia mkuu kwamba Lee alikuwa akimficha tu asionekane na Wavertree. Lee anarudishwa, anapatana na Paul, wanakaa katika mashua moja na Oxford wanashinda.

MANDHARI NA UKWELI WAKE

Msomaji mwangalifu atapenda kujua yapi ni ya kweli. Leo huko Oxford hakuna chuo kiitwacho Cardinal. Hata hivyo jina hilo halikuokotwa tu. Mwaka 1525 Kadinali Thomas Wolsey alianzisha huko chuo kilichoitwa Cardinal College. Baadaye aligombana na Mfalme Henry VIII, akaanguka, na mwaka 1546 chuo hicho kikaundwa upya kwa jina la Christ Church, ambalo kinalo mpaka sasa.

Majoho meusi ni ya kweli. Hata siku hizi wanafunzi wa Oxford huvaa majoho wanapofanya mitihani. Askari wa chuo pia walikuwepo kweli, wakivaa kofia nyeusi za duara na kuitwa jina la mbwa mkali, bulldogs. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 2003.

Mashindano ya mashua kati ya Oxford na Cambridge nayo si hadithi. Yalianza mwaka 1829. Kila mashua hubeba watu tisa, wanane wakipiga makasia na mmoja akishika usukani, na mwendo ni karibu kilomita 7 katika Mto Thames, kutoka Putney hadi Mortlake. Lipo jambo moja ambalo watazamaji wa 1938 walilijua bila kuambiwa: Cambridge walikuwa wameshinda mara 13 mfululizo, kuanzia 1924 hadi 1936, na Oxford walikata mnyororo huo mwaka 1937. Kwa hiyo filamu ilipowaonyesha Oxford wakishinda, kidonda kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kupona!

WAHUSIKA

Lee: Ni mwenye majivuno, hasira na moyo mkubwa. Majivuno yake si ya uongo. Mbio anaziweza kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba aliyoyafanya kwao yanamdai heshima ugenini. Kwake yeye, mchezo ni ushindi. Kwa wenyeji, mchezo ni kujua zamu yako ni ipi na ya mwenzako ni ipi.

Paul: Ni mwenyeji mwenye kiburi cha kimya. Usidanganyike kwamba kiburi ni kelele tu. Paul hajisifu, lakini anamdharau mgeni kabla ya kumjua. Lee ni debe linalovuma na Paul ni debe lililofunikwa.

Scatters: Ni mtumishi, lakini ndiye mwenye busara. Mkuu ana madaraka, wanafunzi wana majoho, ila neno lililomzuia Lee asikimbie linatoka kwa anayepanga vitanda. Shuleni kwetu pia, mpishi au bawabu huenda akajua mengi kuliko vile tunavyomdhania.

Wavertree: Huyu ni kichekesho kitupu. Anataka afukuzwe chuoni kwa sababu akifukuzwa atapata urithi. Kila kosa analofanya analipwa adhabu hafifu. Anayeomba kufukuzwa habanduki, na anayetaka kubaki anafukuzwa.

Elsa: Anachorwa kama mwanamke anayependa kuchezea wanafunzi. Hapa mimi nina neno na waandishi wa filamu. Vijana wote wanasamehewa, wanapanda mashua na kushangiliwa, lakini Elsa anabaki kuwa chanzo cha aibu. Paul ndiye aliyekaa naye baani na chumbani. Mbona kicheko kinamwangukia mwanamke peke yake? Tunapochambua kazi ya sanaa tusichekelee tu. Tuulize pia ni nani anayechekwa, na kama anastahili.

MBINU ZILIZOTUMIKA

Kinaya: Hii ndiyo nguzo ya filamu nzima. Lee anampiga teke mkuu wa kweli akidhani amepigana na wa bandia. Kijana aliyekuja na sifa za mbio anachukiwa kwa sababu ya mbio. Msema kweli anatengwa na mkosaji anashangiliwa.

Kejeli: Inakata pande mbili. Mmarekani anachekwa kwa mdomo wake mpana, na Waingereza wanachekwa kwa utumwa wao wa desturi. Ramsa nzuri haimwekei mtu mmoja tu mtego.

Matumizi ya vazi: Joho ni alama ya Oxford yenyewe. Lee anapowashinda wenzake mbioni akiwa ndani ya joho, ni kama filamu inatuambia: huyu bado ni Lee wa Lakedale, lakini ameshaanza kuvaa mambo ya wenyeji.

Ulinganuzi: Lee na Paul wamewekwa kama sahani mbili za mizani, huyu akipanda, yule anashuka. Hawalingani mpaka wanapokaa katika mashua moja, ambamo anayepiga kasia kwa sifa zake mwenyewe huvuruga mwendo wa wote wanane. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu filamu haikumalizika kwa mbio za miguu. Mbio za miguu Lee aliziweza tangu kwao. Mashua ndiyo iliyomfunza kuvuta pamoja na wengine.

SWALI GUMU: JE, LEE ALIFANYA VYEMA?

Sasa tufikie lile swali. Hebu tuyaweke matendo mawili bega kwa bega. Paul alisema ukweli mbele ya mkuu kwamba Lee ndiye aliyempiga askari. Lee alimdanganya mkuu kumficha Paul. Filamu inamtukuza mwongo na kumwaibisha msema kweli. Je, haya ni mafunzo ya kumpa mwanafunzi?

Wengi wetu tutakimbilia kusema kwamba kuchongea ni vibaya, basi Lee ni shujaa. Tusiwe wepesi hivyo. Mkificha wizi wa bwenini kwa jina la umoja, aliyeibiwa ndiye anayelipia umoja wenu. Mono akiteswa usiku na kila mtu akanyamaza asiitwe msaliti, kimya hicho si uungwana hata kidogo. Ni woga uliovaa joho.

Lakini tazama vizuri tofauti ya vijana hawa. Paul alisema ukweli uliomponya yeye, gharama ikamwangukia mwingine. Lee alisema uongo uliomponya mwingine, gharama ikamwangukia yeye. Wanafunzi wa Cardinal hawakuchukia ukweli wenyewe. Walichukia ukweli wa mtu anayejiokoa. Hapo ndipo penye kiini cha filamu hii. Heshima ambayo Lee aliitafuta kwa vikombe na kwa ngumi hakuipata, ila alipokubali kupoteza kitu ndipo akaistahili. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Hata hivyo sikubali kwamba uongo ule ulikuwa suluhisho. Filamu yenyewe inakiri hivyo bila kupenda: ili kuuondoa uongo wa Lee, ilibidi Elsa aende na uongo mwingine! Na Paul je? Angeweza kwenda kwa mkuu akasema, "Bwana, mwenye kosa ni mimi." Sentensi moja tu. Angeisema, baba yake Lee asingehitaji kubuni mbinu. Kwa hiyo tukiiga jambo kwa Lee, tuige ule utayari wa kubeba mzigo. Uongo tuuachie sinema. Na tukiwa katika nafasi ya Paul, tusingoje mwingine afukuzwe kwa niaba yetu.

NDUGU YAKE: "A CHUMP AT OXFORD"

Jina la filamu hii lilipata umaarufu hata likafanyiwa mzaha. Mwaka 1940 wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene, walitoa A Chump at Oxford, yaani "Mjinga Oxford". Humo wao ni wafagiaji wa barabara wanaomnasa mwizi wa benki kwa bahati, ganda la ndizi likiwa limewasaidia, na mwenye benki anawazawadia masomo Oxford. Wanafunzi wanawafanyia vituko vile vile vya kumkaribisha mgeni. Kisha dirisha linamwangukia Stan kichwani, na ghafla anakuwa Bwana Paddington, msomi na mwanamichezo hodari aliyepotea zamani baada ya kupoteza kumbukumbu. Anamgeuza rafiki yake Oliver kuwa mtumishi! Anapogongwa tena na dirisha, anarudi kuwa Stan, na Oliver anamkumbatia kwa furaha.

Linganisha filamu hizi mbili. Lee anapata heshima kwa kubadilika tabia. Stan anapata heshima kwa kugongwa kichwa, na akiwa nayo hafai kuwa rafiki wa mtu. Filamu ya pili inaicheka ya kwanza, ila zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: usomi na ubingwa bila utu havimpi mtu rafiki.

HITIMISHO

Wapo wasemao kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Lee hakulifumba, na kwa kweli hakupaswa kulifumba kabisa, maana mchangamfu yule wa Lakedale aliwafaa Oxford. Lakini alipaswa kutazama kwanza kabla ya kupiga kelele. Nao wenyeji walipaswa kukumbuka kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekuja na mizigo yake mlangoni huenda amebeba dawa yako. Muhula ujao kidato cha kwanza wataingia langoni na masanduku yao. Watakuwapo wenye midomo kama Lee. Tuwafungue kamba upesi, tusiikaze.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. "Kiburi si kelele tu." Thibitisha kauli hii ukirejelea Lee na Paul.
2. Eleza kinaya kilichomo katika kisa cha Wavertree.
3. Je, ni haki kwamba Paul alitengwa na wenzake? Toa hoja za pande zote mbili.
4. Andika mazungumzo mafupi ambamo Paul anakwenda kwa mkuu wa chuo na kusema ukweli kabla Lee hajafukuzwa. Kisa kingemalizika vipi?